Aliyeogelea Kutoka Kona Hadi Kona

Inatangazwa kwa wananchi wote, wanaojua kuogelea na wanaojua kuoga tu, ya kwamba Chama cha Kuogelea, katika kikao chake kilichohudhuriwa na wajumbe wanne, mmoja wao akiwa macho, kimemteua kwa kauli moja mwogeleaji wetu wa mita hamsini mtindo huru wanaume kuwa Balozi wa Kudumu wa Moyo wa Kujaribu. Balozi atavaa koti lenye nembo. Balozi atapunga mkono. Balozi hataingia majini kwa namna yoyote ile. Hilo limepigiwa mstari mara mbili. Wananchi mnaombwa kujivunia.

Wakati wajumbe wanapiga makofi, balozi mwenyewe alikuwa amepiga magoti kando ya bwawa la hoteli, brashi mkononi, akisugua utando wa kijani pale maji yanapokutana na vigae. Hakuna aliyemuuliza kama anautaka ubalozi. Kwa kweli, katika maisha yake yote ya michezo hakuna aliyemuuliza chochote, ukiondoa swali moja aliloulizwa kila jioni na shemeji yake: "Shemeji, mnahama lini?"

Tuanzie kwenye swali hilo. Habari hii watu huianzia majini, ndiyo maana huimaliza wakicheka.

Sisi wa mtaani tulimwita Klorini. Alikuwa mhudumu wa bwawa katika hoteli ya ghorofa tatu, ile ambayo lifti yake hupona akija mgeni mkubwa na kuugua akishaondoka. Kazi yake ilikuwa kuchota majani, kupima dawa, kukunja mataulo na kuwaambia watoto wa wageni wasikojoe majini, jambo ambalo waliahidi huku wakikojoa. Dawa ilikuwa imemwingia mpaka kwenye ngozi. Ukikaa naye kwenye benchi ulihisi umekaa na shuka la hospitali. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, kiasi kwamba wasiomjua walimhurumia kwa ulevi, na yeye hata soda alikuwa akiinywa nusu, nusu nyingine anawapelekea wanawe.

Wanawe walikuwa wawili, wasichana, na wote wanne, yeye, mkewe na watoto, waliishi katika chumba kimoja nyuma ya kinyozi. Kinyozi huyo ni kaka wa mkewe. Kati ya chumba na kiti cha kunyolea kulikuwa na ukuta wa plaiwudi, hivyo mashine ikinguruma upande huu, sufuria ilitetemeka upande ule. Nywele za wateja zilipita chini ya mlango. Mkewe, fundi cherehani, alizifagia asubuhi, akazifagia mchana, na bado jioni angezikuta kwenye kanzu ya mtu aliyempa kazi ya kushona.

Sasa, mwanamume kuishi kwa shemeji yake si kosa la jinai. Lakini Klorini aliishi kama mtuhumiwa aliye nje kwa dhamana. Alikohoa kwa adabu. Alifunga bomba polepole. Na Kinyozi hakuwa mtu mbaya, angekuwa mbaya ingekuwa nafuu. Alikuwa mtu wa utani.

"Mnamsikia huyo anayechota maji huko nyuma?" angewaambia wateja, mkasi ukiwa hewani. "Mume wa dada yangu. Alikuja kututembelea. Mwaka wa sita huu, bado anaaga."

Wateja walicheka. Upande wa pili wa plaiwudi, bomba lilifungwa.

Na pahali pa kuhamia palikuwepo. Hapo ndipo panapouma. Nyuma ya dobi wa hoteli kulikuwa na vyumba viwili vidogo vyenye mlango wao, bomba lao na kibaraza cha kutosha kiti kimoja na ugomvi mmoja. Watu wa hoteli waliviita kwa umoja, "chumba cha mwalimu." Vilikuwa vya mwalimu wa kuogelea. Mwalimu wa mwisho alikuwa akimfundisha mgeni mmoja wa kike kuelea, wakaelea pamoja mpaka nje ya nchi. Tangu hapo chumba kilikaa kitupu. Klorini aliyasafisha madirisha yake kila wiki bila kutumwa. Siku moja alimleta mkewe kukiona. Mkewe alisimama katikati, mikono kiunoni, akazunguka taratibu.

"Kitanda hapa," alisema. "Cherehani pale, penye mwanga. Na huo mlango, baba watoto, mlango huo nitaufunga mimi mwenyewe, kwa ndani."

Maneno hayo Klorini alitembea nayo kama mtu aliyemeza kokwa.

Alimwendea Meneja.

"Mwalimu lazima awe na kitu rasmi," Meneja alimwambia. "Wewe una nini rasmi?"

"Nina miaka yangu hapa, bosi."

"Hiyo ni mingi. Sikuuliza mingi, nimeuliza rasmi."

Kitu rasmi kililetwa na mtu mnene aliyekuja kulala hotelini kwa ajili ya semina. Huyo ndiye Mwenyekiti wa Chama cha Kuogelea. Kazi yake hasa ni kuuza vigae, na uenyekiti aliupata kwa sababu aliwahi kuweka vigae kwenye mabwawa mawili, jambo lililomfanya awe mtu mwenye uhusiano wa karibu zaidi na kuogelea kuliko wajumbe wenzake. Maji yenyewe aliyaogopa. Inasemekana hata beseni la kuogea alilikaribia kwa ubavu. Lakini mashindano makubwa ya dunia yalikuwa yanakuja, yale ambayo kila nchi hualikwa kupeleka walau mwogeleaji mmoja hata kama hajafikisha kiwango, na Chama chetu kilikuwa na mwenyekiti, makamu, mhazini na muhuri. Kilichokosekana ni mtu wa kulowa.

Alfajiri moja Mwenyekiti alitoka nje kujinyoosha, akaona kitu kinapasua maji kama mkasi kwenye kitambaa kipya.

"Wewe! Unaogelea?"

Klorini aliruka nje, maji yakimchuruzika, akashika brashi. Wafanyakazi walikatazwa kuingia bwawani.

"Nasafisha, mzee."

"Nimekuona kwa macho yangu unaogelea."

"Ilikuwa bahati mbaya, mzee."

"Irudie hiyo bahati mbaya."

Aliirudia. Mwenyekiti akamwita Meneja, Meneja akaja na kandambili, na kwa furaha ya kuona jina la hoteli likisafiri bure, akatoa ahadi mbele ya mashahidi, mpishi na mlinzi: "Klorini, nenda. Hata ukiwa wa mwisho. Uniletee karatasi ya matokeo yenye jina lako na muda wako mbele yake. Jina na muda, basi. Chumba cha mwalimu ni chako."

Hata ukiwa wa mwisho! Klorini alikimbia nyumbani na suruali mbichi. Usiku ule mkewe alichukua futi yake ya kushonea, akapima pazia la dirisha ambalo hawajapewa.

Ila kuna jambo kuhusu bwawa lile ambalo hakuna aliyelitilia maanani, na wa kwanza kutolitilia maanani alikuwa Klorini mwenyewe. Bwawa la hoteli lilichorwa na mtu aliyependa baa kuliko maji. Lilikuwa fupi. Mtu akipiga mikono michache anakutana na ukuta. Klorini, miaka ya nyuma, aligundua kwamba ukianzia kona ya bafu na kuishia kona ya baa unapata mikono kadhaa ya ziada. Akawa anaogelea mshazari. Kila alfajiri, kabla wageni hawajaamka, kona hadi kona, akirudi kona hadi kona, macho kayafumba, maana dawa aliyoitia mwenyewe aliijua. Mwili wake ukajifunza kuuacha ukuta kwa upande, jinsi mguu wako unavyojua kizingiti cha mlango wa kwenu gizani.

Na si hilo tu. Katikati ya bwawa ilikatiza kamba yenye maboya mekundu, ya kutenga upande wa watoto. Kuifungua kulihitaji ruhusa ya Meneja, na Meneja alisema kamba ni usalama na usalama haufunguliwi ovyo. Hivyo Klorini alijifunza kuipita. Maboya yakimgusa kidole, anainamisha bega, anapita chini kama mbuzi chini ya uzio, anaibukia ng'ambo bila kupoteza mwendo. Alifanya hivyo mara nyingi mno hata akaacha kujua kwamba anafanya. Ungemuuliza, angekuapia kwamba yeye huogelea moja kwa moja.

Hata hivyo hakuwa mjinga. Alimwomba Mwenyekiti wawahi kwenda, azoee bwawa refu.

"Maji ni maji," Mwenyekiti alisema. "Kule watayaweka marefu zaidi, basi."

Waliowahi kwenda ni wengine. Alitangulia Mwenyekiti, kukagua. Akafuata makamu, kukagua ukaguzi. Akaenda mhazini. Akaenda mke wa Mwenyekiti kama mtaalamu wa lishe, na mpwa wa Mwenyekiti kama kocha, kijana aliyekuwa na filimbi nzuri sana. Mwogeleaji alipandishwa ndege ya mwisho akafika usiku wa kuamkia mashindano. Asubuhi ya siku yenyewe wenzake wa mataifa mengine waliingia majini kupasha misuli na kuyazoea. Yeye aliitwa nje kupiga picha na bendera. Mpiga picha alichelewa.

"Mzee, niyaguse maji kidogo tu," alisema.

"Utayagusa ya kutosha mchana," Mwenyekiti alimjibu, akimnyooshea kola. "Tabasamu."

Mpiga picha alipomaliza, muda wa kupasha misuli ulikuwa umekwisha na mlango umefungwa.

Mchana huo sote tulikuwa kwa Kinyozi. Televisheni ilikuwa juu ya kabati, mteja mmoja, muuza nyama, alikuwa ameketi kitini na kichwa kilichonyolewa nusu, maana Kinyozi alikataa kuendelea mpaka shemeji yake aogelee. Mke wa Klorini alisimama kwenye mlango wa plaiwudi, futi ya kushonea ikining'inia shingoni. Watoto walikaa chini, kwenye nywele.

Walitoka kwa mstari. Waogeleaji wa mchujo wa kwanza, wale wa nchi ambazo mtangazaji huzitaja huku akiangalia karatasi. Njia ya tatu: Klorini, amevaa kofia ya mpira na miwani mipya iliyombana hata macho yakawa kama ya chura. Njia ya nne: tupu, mwenyewe hakutokea. Njia ya tano: kijana wa nchi nyingine ndogo, mwenye mabega ya kabati.

"Huyo wa tano ameumbwa na seremala," alisema muuza nyama.

"Nyamaza, utamtia shemeji yangu hofu," alisema Kinyozi, kana kwamba sauti husafiri kurudi kupitia televisheni.

Kikapigwa king'ora, wakaruka. Na nisiwafiche, wanangu: aliondoka vizuri. Aliondoka vizuri kuliko wote. Alitokeza juu ya maji akiwa mbele kwa urefu wa kichwa, kisha kwa urefu wa bega, na saluni nzima ikasimama, hata muuza nyama na shuka lake. Mtangazaji akaitafuta karatasi yake upya. Mwenyekiti akaonyeshwa jukwaani akiipeperusha bendera kama mtu anayefukuza nyuki. "Twende! Twende shemeji!" Kinyozi alikuwa akipiga kelele, na mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi mwake bila kazi.

Halafu mke wa Klorini akasema, polepole, "Mbona anaenda kule?"

Miwani iliingia maji aliporuka. Akafumba macho, kama alivyozoea. Na mwili wake, ulioachwa peke yake gizani, ukaelekea kona ya baa.

Tuliona mkono wake unagusa kamba inayotenganisha njia. Mwogeleaji mwingine yeyote duniani angeshtuka, angejirekebisha. Klorini aliinamisha bega, akapita chini yake, safi kabisa, akaibukia njia ya nne bila kupoteza mwendo. Akaikata njia ya nne. Akaigusa kamba ya pili. Akainamisha bega. Akaibukia njia ya tano, juu ya mgongo wa yule kijana wa kabati, ambaye alisimama, akashika kamba, akatazama huku na huku kama mtu aliyeguswa gizani. Klorini hakusimama. Alizidi. Alifika ukutani wa kwanza, mbele ya wote, akalipiga kwa kiganja bamba linalonasa muda.

Bamba la njia ya tano.

Ubao mkubwa ukawaka. Wa kwanza: jina la kijana wa kabati, na muda mzuri mbele yake. Mwenye jina alikuwa bado yuko katikati ya bwawa, ameshika kamba, anajisoma ubaoni kwamba ameshinda. Klorini alivua miwani, akakenua, akautazama ubao akitafuta jina lake. Alitafuta juu. Akashuka chini. Njia ya tatu kulikuwa na vistari tu. Ndipo akageuka nyuma, akaona amepita wapi, na kamera, ambayo haina haya, ikamsogelea usoni ikakaa hapo.

Saluni ilinyamaza. Ukimya ule ungeendelea ingekuwa heri. Lakini Kinyozi alikuwa Kinyozi.

"Miaka sita namwomba mtu ahame," alisema. "Leo kahama mara mbili kwa pumzi moja."

Tulicheka. Mungu atusamehe, tulicheka mpaka muuza nyama akamwagika kitini. Mke wa Klorini aliitoa futi shingoni, akaikunja, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ikawa kidude kidogo kiganjani. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango wa plaiwudi, ambao haufungiki vizuri. Vicheko vyetu vikaisha kimoja kimoja, kama taa za duka.

Yaliyofuata kule yalikwenda haraka. Waamuzi waliufuta ule muda. Kijana wa njia ya tano aliruhusiwa kurudia peke yake, akaogelea vizuri, akapigiwa makofi. Klorini aliandikiwa kwenye karatasi ya matokeo kwamba ameondolewa. Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameshakumbatiana na makamu kwa ushindi, alijikumbatua na kuzungumza na waandishi: "Kijana alizidiwa na msisimko. Sisi kama Chama tulimwandaa ipasavyo. Tulikuwa hapa mapema kuliko wote." Jambo hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Alirudi usiku, kwa miguu kutoka stendi, begi begani. Mkewe alikuwa amemsubiri. Sisi majirani tulijua walichosema kwa sababu ukuta wa plaiwudi hauna siri.

"Umekula?"

"Nimekula kwenye ndege."

Mkewe alisikika akiifunika sufuria.

"Niligusa kamba," alisema Klorini.

"Kamba gani?"

"Ya watoto. Nilidhani ni ya watoto."

"Ukapita chini."

"Nikapita chini."

"Sasa ungefanya nini," mkewe akasema. "Ndivyo ulivyojifunza." Halafu: "Lakini muda ulikuwepo. Niliuona. Kampelekee Meneja hiyo karatasi."

Aliipeleka. Meneja aliiweka mezani, akaitazama kwa kidole.

"Jina lipo," alisema. "Muda uko wapi?"

"Muda ulikuwepo, bosi. Dunia nzima iliuona."

"Ulikuwa mbele ya jina la nani?"

"La mwenzangu."

"Basi mwenzako aje achukue chumba."

Ungedhani imekwisha. Haikuisha, kwa sababu zile picha zilikuwa zimetoka kwenye televisheni zikaingia kwenye simu, na kwenye simu hazikutoka tena. Watu waliziwekea muziki. Wakaziwekea mshale unaomfuata. Mtaani jina la Klorini likafa, akawa Mshazari. Watoto walimpisha njia wakitembea kiupande. Wanawe wakaanza kwenda shule kwa njia ya uchochoroni.

Wageni wakaanza kuja hotelini wakiuliza, "Ni hapa anapofanya kazi yule?" Meneja alikuwa na pua ya kunusa mambo. Wiki ile ile alitangaza onyesho la Jumapili, saa ya chakula cha mchana. Mtu aliyekatazwa kulowesha hata goti mbele ya wageni, sasa aliamriwa kuogelea wakiwa wamekaa na uma mkononi. Sharti lilikuwa moja: aende mshazari. Na kwa kuwa kamba ya watoto peke yake ilionekana haitoshi, zilifungwa nyingine tatu. Akigusa ya kwanza wageni wanapiga makofi. Akipita chini wanapiga kelele. Mara moja moja mtoto mmoja alitupwa majini na baba yake ili agongwe mgongoni, picha ikamilike.

Alivumilia miezi kadhaa, kisha akaenda tena ofisini.

"Bosi, sasa naingia majini kila Jumapili. Wageni wananijia mimi. Kile chumba?"

Meneja alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Chumba ni cha mwalimu, Mshazari. Wewe ni burudani."

Alipotoka alipitia nyuma ya dobi. Madirisha yalikuwa na vumbi. Hakuwa ameyasafisha tangu arudi. Alichungulia. Pale penye mwanga, mahali pa cherehani, palikuwa na spika mbili za muziki wa Jumapili, na juu yake bata wa plastiki wa kuelea, amejaa upepo, shingo imegusa dari.

Kwa Kinyozi mambo yalikuwa yamenyooka. Alikuwa amebuni mtindo wa nywele, mstari unaoanzia juu ya sikio la kulia na kumalizikia nyuma ya sikio la kushoto, akauita Mshazari, na vijana walipanga foleni mpaka nje. Mbele ya kioo alibandika picha ya shemeji yake akitafuta jina lake ubaoni. Na lile swali la kila jioni likakoma. Jioni moja Klorini aliingia, akakohoa kwa adabu yake, Kinyozi akamshika bega mbele ya watu.

"Huyu ndiye mume wa dada yangu! Haondoki huyu. Shemeji, usihame kabisa, usije ukaniharibia biashara."

Klorini alikuwa amezoea kuombwa ahame. Hilo alilijulia pa kuliweka. Kuombwa abaki kulimshinda. Aliingia ndani, akamkuta mkewe anafagia nywele, na nywele zote zilikuwa za mtindo wake.

"Mimi sitaki umaarufu," mkewe alisema bila kuinua kichwa. "Nilitaka mlango. Kuna mama mmoja namshonea sare za wanawe, mumewe ana kazi ya kuosha matangi ya maji, yale makubwa ya juu ya majengo. Anatafuta mtu asiyeogopa kuingia ndani. Kamwone, baba watoto."

"Kuingia ndani ya tangi?"

"Humo hamna wageni."

Alikwenda kumwona. Mtu wa matangi alimuuliza kama anaogopa giza, kama anaogopa dawa, kama ana mgongo mzuri. Hakumuuliza kitu kingine. Au hakuwa na simu, au alikuwa na adabu. Kwetu sisi la kwanza lina uzito zaidi.

Ndiyo maana ule uteuzi wa Balozi ulimkuta katika siku zake za mwisho pale hotelini, magotini, anasugua utando. Mwenyekiti alifika mwenyewe, maana mashindano yalikuwa yamekaribia tena na waandaaji walikuwa wamewaandikia wakiulizia yule bwana wa mshazari, watu wangependa kumwona. Wenyewe walikuwa wametaja tiketi, na tiketi ndizo zilizoiamsha kamati. Mwenyekiti alisimama mbali na ukingo wa maji, makamu ameshika koti jipya kwenye hanga, Meneja pembeni anatabasamu, wageni wameinua simu. Alilisoma tangazo lote, kuanzia "inatangazwa kwa wananchi wote" mpaka "mnaombwa kujivunia", akiwa na sauti ya kufungua bunge. Alipomaliza alifuta jasho.

"Balozi wetu," alisema. "Una neno?"

Klorini aliinuka taratibu, magoti yake yakalia.

"Ni lini hiyo, mzee?"

"Mwezi ujao! Ndege, koti, hoteli kubwa, yote kwa gharama ya waandaaji."

"Nitaogelea?"

"Hapana, hapana, hapana. Utapunga."

"Mwezi ujao sipo. Naanza kazi ya kuosha matangi."

Makamu alilishusha koti. Meneja alisahau kufunga mdomo. Mwenyekiti alisogea hatua moja kuelekea kwenye maji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akateremsha sauti iwe ya kibinadamu.

"Wewe? Mtu anayejulikana dunia nzima? Unaliacha taifa limesimama hapa na koti, uende ukajifungie ndani ya tangi? Hebu niambie, mwanangu. Hao watu wa matangi wana nini ambacho sisi hatuna?"

Klorini aliichovya brashi kwenye ndoo, akaikung'uta.

"Wanatoa chumba," alisema.